Wanaotuletea ruta watuletee na ukurasa wake

Mradi wa intaneti ukizinduliwa Garissa, hema hupigwa, wageni wa heshima huketi mbele, na vifaa husomwa kwa hesabu: ruta kadhaa, tabuleti kadhaa, shule kadhaa, zahanati kadhaa. Kitu kimoja hakisomwi kamwe, nacho ni maelezo. Hakuna anayesimama kutuambia kwamba pamoja na ruta hizo zimekuja karatasi zinazomweleza fundi wa hapa afanye nini siku ruta itakapokataa kuwaka. Na siku hiyo huja. Umeme hukatika katikati ya kazi, vumbi huingia, joto hupanda, mtu hubonyeza kitufe asichokijua. Ruta hubaki na taa moja inayometameta, haitoi mtandao wala haiitikii, na mwalimu mkuu huifungia kabatini pamoja na nyingine zilizoitangulia.

Nyingi za ruta hizo zinaweza kufufuliwa. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri, ukiwa mikononi mwa mtu mwenye kebo na kompyuta. Ukurasa huo ndio ninaoutetea leo, tena kwa undani, kwa sababu mambo ya aina hii yakisemwa juu juu hayamfikii mwenye mamlaka ya kununua wala mwenye kazi ya kutengeneza.

Tuanzie ndani ya kifaa. Ukiifungua ruta ndogo ya plastiki, ya aina inayouzwa madukani kote Kenya, utaona kwenye bodi chipu nyeusi yenye miguu minane, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya flashi. Kila ambacho ruta inakijua kimeandikwa humo, na hakipotei umeme ukizimwa. Mwanzoni kabisa mwa chipu hukaa programu ndogo iitwayo butiloda. Kazi yake ni kuamka kabla ya wote, kukagua kumbukumbu, kisha kuipakia programu kubwa na kuikabidhi usukani. Programu kubwa ikiharibika, mara nyingi butiloda huwa bado iko hai, na hapo ndipo fundi hupata mlango wa kuingilia.

Butiloda iliyoenea sana katika vifaa vya aina hii ni U-Boot. Ilianzishwa na mhandisi Mjerumani Wolfgang Denk kwa jina la PPCBoot, ikapewa jina la sasa mwaka 2002. Denk alifariki mwaka 2022 akiiacha mikononi mwa wahandisi wa nchi nyingi ambao bado wanaiendeleza na kuigawa bure. Imo katika ruta za bei nafuu za TP-Link, na imo katika sahani za Starlink, ambazo zilianza kuuzwa rasmi Kenya Julai 2023. Fundi huchomelea nyaya tatu kwenye bodi ya ruta, akaziunganisha na kompyuta kwa kebo ya siriali, akawasha ruta na kubonyeza kibodi kwa wakati wake. U-Boot husimama ikamngojea. Haimwonyeshi picha wala menyu, ni mstari mmoja tu unaosubiri amri.

Mojawapo ya amri hizo ni “sf”. Herufi mbili tu, na ndizo zinazoshika chipu ya miguu minane. Ndani yake mna amri ndogo ndogo. “sf probe” huitambua chipu na kukuambia jina lake, ukubwa wake na kipimo cha kufutia. “sf read” huisoma na kukipeleka kilichosomwa kwenye kumbukumbu ya muda. “sf erase” hufuta, “sf write” huandika. “sf update” hulinganisha kilichopo na kinachotakiwa, kisha hugusa penye tofauti peke yake. “sf protect” hufunga sehemu ili isiandikwe. Mwenye kuzijua vyema anaweza kuirudisha ruta kazini kabla chai yake haijapoa. Aliyezisikia nusu nusu anaweza kuimaliza kabisa kwa sekunde chache.

Flashi ina tabia yake, na anayetaka kuielewa amtazame mtoto wa dugsi, yaani chuo cha Kurani, na loho yake ya mbao. Mtoto huandika aya kwa wino wa makaa. Akitaka kuandika nyingine, hawezi kufuta neno moja kwa ncha ya kidole; lazima auoshe ubao. Chipu nayo haikubali kuandikwa juu ya maandishi. Kuandika hugeuza moja kuwa sifuri, lakini sifuri hairudi kuwa moja mpaka eneo zima lifutwe, na eneo hilo kwa kawaida ni la kilobaiti 4 au 64, kutegemea chipu. Kwa hiyo kila marekebisho huanza kwa kufuta, na kufuta ndiko kunakoziua ruta.

Tazama hesabu kwanza. Katika U-Boot, nambari unayoandika huchukuliwa kuwa ya mfumo wa kumi na sita hata usipoweka alama yoyote mbele yake. Ukiandika 10000 ukidhani ni elfu kumi, mashine huelewa 65,536. Ukiandika 100000, huelewa 1,048,576, yaani megabaiti moja kamili. Fundi aliyesoma hesabu za kawaida za shule hana namna ya kulijua hilo kwa kubahatisha. Lazima aandikiwe, tena mstari wa juu kabisa, kabla hajafika kwenye mfano wowote.

Kisha kuna alama ya kujumlisha. “sf erase” hudai urefu unaoutaja ulingane na mipaka ya maeneo ya kufutia. Usipolingana, hukataa kazi. Ukitanguliza alama ya kujumlisha mbele ya urefu, amri huacha kukataa, na badala yake huusogeza urefu hadi mpaka unaofuata. Ni msaada mkubwa kwa mwenye haraka. Lakini ni msaada unaofuta zaidi ya ulichoomba, na kama nyuma ya mpaka ule kulikuwa na kitu cha thamani, kimekwenda.

Kitu gani hicho? Chukua ruta ya TP-Link aina ya TL-WR841N, yale matoleo ya awali yenye chipu ya megabaiti 4. Kilobaiti 128 za mwanzo ni za butiloda, na humo humo imewekwa anwani ya pekee ya kifaa. Kilobaiti 64 za mwisho huitwa ART, na humo kiwanda kiliandika vipimo vya redio ya ruta ile ile, kwa sababu kila bodi hupimwa peke yake kabla ya kutoka kiwandani. Ukizifuta kilobaiti hizo, ruta itawaka na taa zake zitaonekana nzima, lakini waifai itakuwa dhaifu au haitakuwepo kabisa. Huwezi kuazima vipimo vya ruta nyingine ukapata kilichopotea, maana redio mbili hazilingani.

Ruta hiyo hutumia U-Boot ya zamani, ya tangu mwaka 2005, ambayo amri yake ya kufuta ni “erase” bila “sf”, na chipu yake huonekana kuanzia anwani 9f000000. Mafundi wengi duniani wanayajua maelekezo yake: futa kuanzia 9f020000, kwa urefu wa 3c0000. Sasa mtu akikosea herufi moja tu, akaandika 3e0000, atakuwa amefuta mpaka ukingo wa mwisho wa chipu, na ART imo. Tofauti ya c na e ni kilobaiti 128, na ni tofauti ya ruta inayofundishia darasa zima na ruta bubu.

Nataja pia “sf test”, ambayo baadhi ya vifaa huwekewa. Kijana anayejifunza huiona akadhani ni ya kukagua tu, kama daktari anavyosikiliza kifua. La. Hufuta eneo ulilolitaja, huliandika, hulisoma, na haikurudishii kilichokuwepo. Mstari mmoja wa onyo ungetosha kumkinga.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu watu wakisikia “maelezo ya matumizi” huwaza kile kijitabu chembamba chenye picha ya ruta na neno la karibu, kinachotupwa pamoja na boksi. Maelezo ninayoyasema ni ya aina nyingine kabisa. Ni maandishi yanayobeba hukumu ya uhai na kifo cha kifaa, na mwandishi wake anatakiwa awe ameijaribu kila amri kwa mkono wake.

Hata wenye U-Boot walichelewa kulifikia hilo. Kwa miaka mingi aliyetaka kujua amri fulani inafanya nini alikuwa na njia mbili: kusoma sentensi fupi ambayo mashine hutoa ukiiomba msaada, au kusoma msimbo wenyewe. Ni katika miaka ya karibuni tu ndipo walipoanza kuandika ukurasa kamili kwa kila amri, na kuuweka pamoja na msimbo, ili anayebadilisha amri aubadilishe na ukurasa, na wenzake waukague kama wanavyokagua msimbo. Ukurasa wa “sf” sasa upo. Unaeleza kila amri ndogo, unaonyesha skrini itajibu nini, unasema wazi kwamba lazima uanze na “sf probe” la sivyo nyingine hazitafanya kazi. Zipo amri ambazo mpaka leo hazina ukurasa. Nawaheshimu sana watu waliokaa chini wakaandika kurasa hizo, kwa maana kazi ya kueleza kitu kilichokwisha kutengenezwa haina sifa wala makofi, na bado ndiyo inayowafikishia wengine manufaa yake.

Lakini ukurasa huo, hata uwe mzuri vipi, haumtoshi fundi wa Garissa. Unaeleza U-Boot ya leo, ilhali ruta iliyo mezani kwake ina U-Boot ya miaka 20 iliyopita iliyofanyiwa mabadiliko na kiwanda. Unaeleza amri kwa jumla, ilhali yeye anataka ramani ya chipu hii: butiloda inaishia wapi, programu inaanzia wapi, vipimo vya redio viko wapi. Ramani hiyo anayo mtengenezaji. Muuzaji angeweza kuiomba, na mnunuzi angeweza kuidai. Hakuna anayefanya hivyo.

Kwa nini jambo hili liwe zito Garissa kuliko Nairobi? Kwa sababu Nairobi ruta ikifa, fundi huvuka barabara akanunua nyingine, au akampelekea rafiki mwenye mashine ya kusomea chipu. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoujaza Mto Tana, maji yalifunika barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa, magari yakakwama, watu wakavushwa kwa boti. Wakati kama huo, ndipo zahanati inapouhitaji mtandao kuliko siku nyingine yoyote, na ndipo usipoweza kutuma bodi kwa basi ikarekebishwe. Wajir na Mandera ziko mbali zaidi, ziko nje ya gridi ya taifa ya umeme, na mara kwa mara minara ya simu imelipuliwa na Al-Shabaab hata vijiji vikakaa gizani kwa mawasiliano. Watu wa huko hawahitaji kuelezwa thamani ya kifaa kinachoweza kurekebishwa papo hapo.

Wala vifaa si haba. Kuanzia 2016 serikali iligawa tabuleti za wanafunzi wa darasa la kwanza nchini kote, na kaunti hizi zilipata zao. Dadaab, ambako kambi zilifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya wakimbizi wa Somalia, ilijengewa mtandao wa mashirika ya misaada zaidi ya miaka 10 iliyopita, na mpango wa shule zenye intaneti na tabuleti wa Vodafone Foundation na UNHCR, ulioasisiwa 2013, uliifikia Dadaab miongoni mwa sehemu za kwanza. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa ajili ya barabara ya Isiolo, Wajir na Mandera, na mkongo wa intaneti umo ndani ya mpango huo. Serikali ya sasa imeahidi vituo 25,000 vya waifai ya umma nchini. Hata umeme wa jua una flashi ndani yake: inveta za mtambo wa megawati 50 uliozinduliwa nje ya mji wa Garissa Desemba 2019 zinaendeshwa na programu zilizohifadhiwa katika chipu, na inveta ndogo za madukani ni vivyo hivyo. Kila mkongo utakaofika utaishia kwenye kijisanduku chenye chipu ya miguu minane. Mabilioni yote hayo ya shilingi mwishoni hupita kwenye kifaa cha shilingi elfu chache, na kifaa hicho kikikwama, kwa mwalimu wa Hulugho, humu Garissa, mkongo mzima umekwama.

Nasikia hoja za wanaopinga, nazo si za kupuuzwa. Ya kwanza husema: ruta ni rahisi, nunua nyingine. Anayesema hivyo hajawahi kufuata mzunguko wa ununuzi wa shule ya umma, kuanzia barua ya kuomba hadi siku kifaa kinapofika, wala hajahesabu nauli. Tena kila ruta inayotupwa ni taka, na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamwekea mtengenezaji wajibu juu ya bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Ukurasa wa maelezo ni njia ya bei ndogo kabisa ya kutimiza wajibu huo.

Wengine husema mlango wa butiloda ukiachwa wazi, wezi na wadukuzi wataingia. Hili nalichukulia kwa uzito, hasa katika eneo lenye matatizo ya usalama kama letu. Lakini anayetaka kuingia kwa njia ya siriali lazima aishike ruta mkononi, aifungue, achomelee nyaya. Mtu aliyefika hapo tayari yumo ndani ya ofisi yako. Mahali pa siri kubwa, butiloda inaweza kuwekewa nenosiri, na nenosiri likakabidhiwa mwenye kifaa, yaani kaunti au shule. Kumnyima mwenye mali ufunguo wa mali yake kwa kisingizio cha kumlinda ni jambo ambalo hatulikubali kwa nyumba, na sioni sababu ya kulikubali kwa ruta.

Hoja ninayoisikia zaidi ni ile ya vijana wenyewe: video zipo, tutajifunza humo. Ni kweli, na nawasifu. Katika vibanda vya mafundi wa simu wapo vijana waliojifunza kuflashi simu kwa video peke yake, na mikono yao ni myepesi kuliko ya wahitimu wengi. Tatizo la video ni kwamba humwonyesha mtu akiifufua ruta moja, ya toleo moja, na anayeiga huiga nambari pamoja na amri. Toleo la 9 la ruta si toleo la 13; boksi hufanana, ramani ya ndani haifanani. Video humwonyesha mkono unavyokwenda. Sababu ya nambari ile kuwa ile huandikwa, na mtu huirudia mara tatu akiwa ameinama juu ya bodi, kabla ya kubonyeza.

Sasa lugha. Garissa mtu huzungumza Kisomali nyumbani, hufanya mtihani kwa Kiingereza, na akifika sokoni hukutana na Mkamba, Mmeru, Mpokomo, Muorma na Mmunyoyaya, na hapo Kiswahili huwaunganisha. Ukitaka maelezo yasomwe kwa sauti na watu wawili waliokaa mbele ya bodi moja, mmoja akishika kebo na mwingine akiandika, yaandike kwa Kiswahili. Ukurasa wa Kisomali nao uandikwe, utakuwa na wasomaji wengi. Wapo wanaodai kwamba mambo haya hayasemeki kwa lugha zetu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, na dunia haikusimama. Tulishughulikia barua na majedwali tukaishia hapo. Hatukushuka mpaka kwenye bodi, kwenye chipu, kwenye mstari wa amri, mahali ambapo fundi hufanyia kazi yake hasa.

Amri zenyewe zitabaki kama zilivyo. “sf erase” haina haja ya kutafsiriwa. Kinachotakiwa kwa Kiswahili ni maelezo na maonyo, yaliyoandikwa kwa sauti ya fundi mzoefu anayemwelekeza mdogo wake, hivi:

“Amri hii hufuta, na kilichofutwa hakirudi. Kabla ya kuiandika, soma chipu nzima kwa sf read, uitume kwenye kompyuta, na ulinganishe ukubwa wa faili na ukubwa ulioonyeshwa na sf probe. Faili hiyo ipe jina la ruta na nambari yake, usiichanganye na ya ruta nyingine. Nambari zote hapa ni za mfumo wa kumi na sita. Usiguse eneo la mwanzo lenye butiloda, wala la mwisho lenye vipimo vya redio. Unganisha ruta kwenye betri, usitegemee umeme wa ukutani. Ukiona jibu lolote tofauti na lililo kwenye ukurasa huu, simama hapo. Usiendelee kwa kubahatisha.”

Sijaandika hapo neno lolote ambalo fundi wa soko la Suuq Mugdi mjini Garissa hatalielewa. Na kifungu kama hicho, kikibandikwa kwenye ukuta wa karakana, kitaokoa ruta nyingi kuliko semina ya siku moja hotelini.

Sheria iko upande wetu, jambo ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma, na haki hiyo inazihusu bidhaa zinazotolewa na umma sawa na za watu binafsi. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Zaidi ya hayo, U-Boot hugawiwa kwa leseni ya GPL toleo la 2, ambayo humlazimu anayeuza kifaa chenye programu hiyo kumpa mnunuzi msimbo wake akiuomba. Leseni hiyo si karatasi tupu. Mwaka 2003 shinikizo la watu wa kawaida lilifanya msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G utolewe, na kutokana nao ikazaliwa OpenWrt, programu huria inayofufua ruta za kila aina mpaka leo. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, ilisimama upande wa mwandishi wa programu aliyelalamika kwamba kampuni moja ya ruta imeikiuka leseni hiyo. Kaunti inayonunua ruta mia moja ina nguvu kubwa kuliko kijana mmoja mwenye WRT54G. Inachokosa ni mtu wa kuuliza.

Basi na iulize. Katika kila zabuni ya ruta, tabuleti au inveta itakayotangazwa na kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, na katika kila mkataba wa mashirika ya Dadaab, liwekwe sharti kwamba muuzaji atakabidhi ramani ya chipu ya flashi ya kifaa hicho hicho, jina na toleo la butiloda, mahali pa kuunganisha nyaya za siriali, orodha ya amri za flashi na kinachofanywa na kila moja, na faili safi ya programu ya kurudishia. Asiyekuwa navyo asipewe kazi. Sharti hilo halitaongeza bei kwa kiasi cha kutisha, kwa sababu mtengenezaji tayari anavyo vyote hivyo. Asingeweza kuitengeneza ruta bila kuwa navyo.

Uandishi wa Kiswahili uwe wa watu wa hapa. Chuo cha kitaifa cha ufundi cha North Eastern kiko mjini Garissa, na Chuo Kikuu cha Garissa kiko mjini humo humo. Mfumo wa sasa wa mafunzo ya ufundi hupima umahiri wa mtu kwa kazi aliyoifanya. Basi mwanafunzi wa umeme au wa kompyuta apewe ruta iliyokufa, aifufue, kisha aandike ukurasa ambao mwenzake asiyemjua ataufuata bila kumuuliza swali hata moja. Mwenzake akikwama, ukurasa urudi ukaandikwe upya. Mtihani huo ni mgumu kuliko maswali ya kuchagua jibu, na baada ya mihula michache kaunti itakuwa na maktaba yake ya ruta zake.

Afisa wa ununuzi unayesoma makala hii, zabuni inayofuata iko mezani kwako. Andika sharti hilo kabla haijachapishwa. Nawe mwalimu wa karakana, ziko ruta kabatini katika shule iliyo karibu nawe. Ziombe. Kwenye zile zenye “sf”, waanzishe vijana kwa “sf probe” na “sf read”, kwa kuwa amri hizo mbili hazifuti kitu, na waanze kuandika wanachokiona siku hiyo hiyo.